Mwongozo kamili: jinsi ya kufuatilia majira ya ionosfia ya juu ukiwa Afrika Mashariki, kwa laptopu na data za bure

Nianze na kilichonifikisha huku. Mi napima viwanja, kazi yangu ya kila siku ni besi na rova, yaani vipokezi viwili vya GPS, kimoja kinakaa pale pale na kingine natembea nacho. Machi 2023 nilikuwa Bagamoyo namalizia mipaka ya shamba moja, jua limeshazama, saa mbili usiku tuko na tochi, zimebaki bikoni mbili tu tuondoke. Rova ilikuwa imefiksi vizuri mchana kutwa afu ghafla ikaanza kuhangaika, fiksi (hesabu kamili ya sehemu ulipo) inakuja inakatika, inarudi floti (makadirio tu), na setilaiti ziko zaidi ya ishirini kwenye skrini, anga jeupe halina hata wingu. Nikabadilisha betri, nikahamisha besi, nikampigia fundi aliyeniuzia mashine akasema antena imekufa. Kesho yake asubuhi ikafanya kazi safi kabisa, jioni ikarudia yale yale. Juni nikarudi shamba hilo hilo na mashine ile ile, tukapiga kazi mpaka saa tatu usiku haikuyumba hata kidogo.

Antena haikuwa imekufa. Tatizo lilikuwa kilomita 300 na kitu juu ya vichwa vyetu, na lina majira yake. Tangu hapo nimekuwa nafuatilia hayo majira kila mwaka na naona kila mtu anayetumia GPS kwa kazi, au redio ya masafa mafupi, au mwanafunzi wa fizikia anayetafuta mada ya mradi, anaweza kuyaona mwenyewe bila kununua kifaa chochote. Unahitaji laptopu, bando la kawaida na uvumilivu wa wiki mbili hivi.

Elewa kwanza unachokitafuta

Ionosfia ni ile sehemu ya hewa ya juu, kuanzia kilomita 60 hivi mpaka 1,000, ambako miale mikali ya jua inang'oa elektroni kwenye chembe za hewa. Elektroni zinajaa zaidi kwenye kimo cha kilomita 250 mpaka 450, hapo panaitwa kilele cha F2. Ionosfia ya juu ni yote iliyoko juu ya kilele hicho. Inatawaliwa na ioni za oksijeni, yaani chembe zilizong'olewa elektroni, na ukizidi kupanda unafika mahali haidrojeni inachukua nafasi. Usiidharau sehemu hii kwa sababu iko mbali, kati ya elektroni zote ambazo mawimbi ya GPS yanapita yakishuka kwako, kama theluthi mbili ziko juu ya kilele.

Sasa majira. Watu wengi wakisikia majira wanafikiria joto na baridi, wanasema basi kiangazi elektroni nyingi, kipupwe chache. Huku juu sivyo. Kwetu elektroni zinajaa mara mbili kwa mwaka, Machi-Aprili na Septemba-Oktoba, yaani karibu na ikwinoksi, zile siku usiku na mchana vinalingana. Juni-Julai ndo bonde lenyewe, na Desemba-Januari iko katikati, chini ya ikwinoksi lakini kwa kawaida juu ya Juni. Masika na vuli zinagongana na vilele hivyo kwenye kalenda lakini mvua haihusiki, mawingu yanaishia kilomita 15 hivi na haya mambo yako mara ishirini zaidi ya hapo.

Sababu kubwa ni mchanganyiko wa hewa yenyewe. Elektroni zinazaliwa kutoka kwenye atomu za oksijeni na zinauawa kupitia molekuli za naitrojeni na oksijeni. Juni na Desemba nusu moja ya dunia inapata joto zaidi, upepo wa juu unavuma kutoka upande wa kiangazi kwenda upande wa baridi, unakoroga hewa, naitrojeni inapanda na elektroni zinakufa haraka. Kwenye ikwinoksi joto linagawanyika sawa pande zote, mkorogo unapungua, hewa inajipanga, nzito chini nyepesi juu, atomu za oksijeni zinatawala na elektroni zinadumu. Desemba kuizidi Juni, sehemu yake ni kwa sababu mwanzoni mwa Januari dunia iko karibu zaidi na jua, tunapata mwanga zaidi kwa karibu asilimia 7 kuliko mwanzoni mwa Julai, ila tofauti inayopimwa ni kubwa kuliko hiyo na wataalamu bado wanabishana.

Na kuna jambo moja linaloifanya Afrika Mashariki iwe sehemu nzuri kuliko nyingi duniani kwa kazi hii. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambako sumaku ya dunia inalala bapa, haipiti Nanyuki kama ikweta ya kawaida, inapita juu ya Ethiopia, karibu na Addis Ababa. Mchana umeme wa asili unaopita kule juu unainua plazma (mchanganyiko wa elektroni na ioni) kwenye ikweta hiyo ya sumaku kama chemchemi, ikifika juu inateremka kufuata mistari ya sumaku na kumwagika pande mbili, kama digrii 15 kaskazini na digrii 15 kusini. Kule kaskazini inamwagikia Sudan na kusini mwa Misri. Kusini inamwagikia hapa hapa, pwani ya Kenya na Tanzania. Yaani Tanga, Zanzibar na Dar ziko chini ya moja ya maeneo yenye elektroni nyingi kuliko yote duniani, na sisi tunaopima ardhi hatukufundishwa hilo hata siku moja.

Hatua ya 1: Funga saa, sehemu na mwaka kabla hujadaunlodi chochote

Hapa ndo wengi wanaharibu. Elektroni zinabadilika kwa saa kuliko zinavyobadilika kwa miezi, na mzunguko wa jua wa miaka 11 nao unazibadilisha sana. Ukilinganisha Machi 2020 na Juni 2024 utaona Juni inaishinda Machi mbali sana, kumbe unachokiona ni jua tu: mwaka 2020 mzunguko wa 25 ulikuwa ndo umeanza, jua limelala, na 2024 lilikuwa kileleni.

Kwahiyo chagua mwaka mmoja, sehemu moja, na saa mbili tu. Mi natumia saa nane mchana na saa tatu usiku. Data zote zinakuja kwa saa za UTC, sisi tuko mbele masaa matatu, hivyo saa nane mchana ni 11:00 UTC na saa tatu usiku ni 18:00 UTC. Andika hilo kwenye karatasi ubandike karibu na skrini, maana utachanganya, kila mtu anachanganya.

Hatua ya 2: Daunlodi ramani za TEC

TEC ni hesabu ya elektroni zote kwenye nguzo ya hewa kutoka kwako mpaka setilaiti. Kipimo chake ni TECU, moja ni elektroni 10^16 kwa kila mita mraba. Vituo kadhaa duniani vinatengeneza ramani za TEC za dunia nzima kila siku kutoka kwenye vituo vya ardhini vya GNSS (GPS na mifumo mingine kama hiyo), vikiwemo MAL2 cha Malindi, MBAR cha Mbarara na ADIS cha Addis Ababa. Mi natumia za kituo cha CODE cha Bern, Uswisi, kwa sababu zina ramani kila saa. Unazipata CDDIS, hifadhi ya data ya NASA, unajisajili bure kwenye Earthdata unapewa akaunti.

Majina ya mafaili yanatisha lakini yana mpangilio. Mfano COD0OPSFIN_20240800000_01D_01H_GIM.INX.gz ni mwaka 2024, siku ya 080 ya mwaka, yaani Machi 20. Kwa mwaka huo huo Juni 21 ni siku ya 173, Septemba 22 ni 266, Desemba 21 ni 356. Anza na hizo siku nne tu ujifunze kusoma, usidaunlodi mwaka mzima siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Soma namba yako kwa macho

Fungua faili kwa Notepad au programu yoyote ya maandishi. Juu kuna maelezo marefu, yapite, ila angalia mstari wa EXPONENT, kawaida ni -1, maana yake kila namba utaigawa kwa kumi. Shuka mpaka START OF TEC MAP. Kila ramani ina muda wake chini yake, ya kwanza ni 00:00, kwahiyo 11:00 UTC ni ramani ya 12.

Ndani ya ramani kuna mistari ya latitudo inayoshuka kwa digrii 2.5. Dar iko kusini 6.8, mashariki 39.3, kwahiyo tafuta -7.5. Chini yake kuna namba 73, zimepangwa 16 kila mstari, kutoka longitudo -180 mpaka 180 kwa kuruka digrii 5. Ya longitudo 40 ni namba ya 45. Mistari miwili ya kwanza inabeba 32, hivyo unaenda mstari wa tatu unahesabu mpaka namba ya 13. Hiyo ndo Dar. Ukikuta 612 maana yake TECU 61.2. Mombasa tumia latitudo -5.0, namba hiyo hiyo ya 45.

Afu igeuze iwe mita ujue uzito wake. Kila TECU moja inachelewesha wimbi la L1, wimbi kuu la GPS, kwa sentimita 16.2, kwahiyo 61.2 ni karibu mita 9.9 za kosa kwa setilaiti iliyo juu ya kichwa, na iliyo chini karibu na upeo wa macho kosa linaweza kufika mara tatu. Simu yako ina fomula ya Klobuchar ya kurekebisha hilo lakini inaondoa kama nusu tu.

Angalizo moja: mwishoni mwa faili kuna ramani nyingine zimeandikwa RMS MAP, zina sura ile ile kabisa. Hizo ni makadirio ya makosa, sio TEC. Nimeona mtu kachora grafu ya mwaka mzima kwa RMS.

Ukishaelewa kwa macho, andika skripti ya Python ya mistari ishirini ifanye hivyo kwa siku zote, au kama hupendi kodi tumia Excel, kata kila safu herufi tano tano.

Hatua ya 4: Ondoa dhoruba, ondoa jua

Usitumie kila siku. Mei 10 na 11, 2024 kulikuwa na dhoruba ya sumaku kubwa mno, Kp, kipimo cha dhoruba cha 0 mpaka 9, ilifika 9, siku kama hizo zikiingia kwenye wastani wako zinakudanganya. Kituo cha utafiti cha GFZ cha Potsdam, Ujerumani, inatoa orodha ya siku kumi tulivu zaidi za kila mwezi. Chukua hizo kumi tu na tumia namba ya kati badala ya wastani. Hii ni muhimu zaidi kwenye ikwinoksi kwa sababu dhoruba zenyewe zinapenda ikwinoksi, namna sumaku ya dunia inavyokaa mbele ya upepo wa jua miezi hiyo inafungua mlango. Usipozitoa utajikuta unapima dhoruba ukidhani unapima majira.

Afu jua. Nguvu yake tunaipima kwa F10.7, redio ya jua ya sentimita 10.7, inayopimwa Kanada tangu 1947. Jua lililolala linatoa kama 70, lililoamka linapita 200. Linazunguka kila siku 27 hivi, kwahiyo hata ndani ya mwezi mmoja namba inapanda na kushuka. Chukua F10.7 ya siku, chukua na wastani wake wa siku 81, jumlisha gawa kwa mbili, hiyo iweke kwenye safu pembeni ya TEC yako. Kabla hujasema Oktoba imeishinda Aprili, angalia hiyo safu kwanza, mara nyingi jibu liko hapo.

Hatua ya 5: Panga na uchore

Miezi ipange kwa makundi matatu ya zamani ya watu wa sumaku: ikwinoksi ni Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, kundi la Juni ni Mei mpaka Agosti, kundi la Desemba ni Novemba mpaka Februari. Chora grafu mbili, moja ya mchana moja ya usiku. Miaka ya jua tulivu utaona mchana namba za 20 mpaka 40, miaka ya jua kali zinavuka 80. Umbo ndo la kuangalia, nundu mbili na bonde katikati ya mwaka. Mara ya kwanza nilipoona bonde la Juni limekaa pale pale nilikofanya kazi usiku bila shida, niliinuka kwenye kiti.

Januari na Februari ukiona mikunjo ya ajabu, asubuhi TEC inapanda na mchana inashuka kwa siku kadhaa, usiitupe. Kuna wakati hewa ya juu ya ncha ya kaskazini inapata joto la ghafla, na athari yake inafika mpaka ikweta kupitia mawimbi ya hewa. Ya Januari 2009 ni maarufu.

Hatua ya 6: Panda juu kwenyewe na Swarm

TEC inajumlisha kila kitu, chini na juu pamoja. Ukitaka ionosfia ya juu peke yake unahitaji setilaiti inayopita ndani yake. Shirika la anga la Ulaya lilirusha tatu Novemba 22, 2013, zinaitwa Swarm. A na C zilianza kazi kimo cha kilomita 460 hivi, B juu zaidi ya 500. Zinapita karibu na ncha zote mbili na zina kifaa kinachohesabu elektroni pale pale zilipo, mara mbili kwa sekunde. Ingia tovuti ya VirES, jisajili bure, chagua data ya elektroni ya Swarm B, chora boksi kati ya longitudo 30 na 45, utaona mwenyewe chemchemi ya Ethiopia: nundu kusini, bonde katikati, nundu kaskazini. Ila kilele cha F2 nacho kinapanda na kushuka, mchana wa jua kali kinaweza kulingana na setilaiti, kwahiyo usiseme uko juu mpaka umehakikisha na hatua ya 7.

Sasa mtego mkubwa, na huu soma mara mbili. Njia ya Swarm inazunguka polepole kulinganisha na jua, inachukua siku 130 mpaka 140 hivi kupita masaa yote 24 ya siku. Yaani ikipita juu ya Dar saa nane mchana mwezi Machi, Juni inapita saa nyingine kabisa. Ukilinganisha Machi na Juni ya mwaka mmoja moja kwa moja, unalinganisha mchana na usiku. Suluhisho ni kukusanya miaka mingi, mitano kwenda juu, afu unachambua zile dakika tu ambazo setilaiti ilipita kati ya saa saba na saa tisa mchana, kila mwezi kivyake, ukiandika na F10.7 yake. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato.

Kitu cha kuangalia humo ni tofauti ya kusini na kaskazini. Desemba upepo unavuma kutoka kusini, unasukuma plazma upande wetu ipande kufuata mistari ya sumaku, kwahiyo ukipanda juu vya kutosha, upande wa kiangazi ndo unakuwa na elektroni nyingi. Juni inageuka. Kule latitudo za kati, Ulaya na Japani, karibu na kilele mchana wa baridi unaweza kuushinda mchana wa kiangazi, ila ukipanda juu tabia hiyo inafifia na kiangazi kinarudisha nafasi yake. Majira ya kilele na majira ya juu sio yale yale, na ndo maana nasisitiza usiishie kwenye TEC.

Hatua ya 7: Pima inavyopungua ukipanda

COSMIC-2 ni setilaiti sita zilizorushwa Juni 2019, zinazunguka kimo cha kilomita 550 hivi kwa mwinamo wa digrii 24, yaani hazitoki ukanda wetu. Zinasikiliza GPS ikizama nyuma ya dunia na kutoka hapo wanapata elektroni kwa kila kimo. Faili za profaili, yaani orodha ya elektroni kwa kila kimo, ziko bure kwenye seva ya UCAR, taasisi ya utafiti ya Marekani.

Chukua profaili moja karibu na pwani, tafuta kilele, afu soma vimo viwili juu yake. Tuseme kilomita 400 kuna elektroni 1,000,000 kwa sentimita ya ujazo na kilomita 500 kuna 500,000. Gawa 100 kwa logi asilia ya 2, ambayo ni 0.693, unapata kilomita 144. Hicho ndo kimo cha kupungua, kikiwa kikubwa ina maana ionosfia ya juu imevimba, plazma ina joto au ni nyepesi. Fanya hivyo kwa profaili thelathini za Machi na thelathini za Juni, saa ile ile ya jua. Namba ikipanda ghafla usiku mwishoni mwa profaili, umeanza kuingia kwenye haidrojeni, ambayo ni nyepesi mara 16 kuliko oksijeni. Mwaka 2008 jua lilipokuwa limelala sana, setilaiti ya C/NOFS iliukuta mpaka huo wa oksijeni na haidrojeni usiku umeshuka hadi kilomita 450 hivi, na mchana uko 850.

Hatua ya 8: Usiku, mapovu

Hili ndo lililonikuta Bagamoyo. Jua likizama, kwenye ikweta ya sumaku plazma inainuliwa kwa nguvu mara ya mwisho kabla ya usiku, chini yake kunabaki kwepesi, na kwepesi kunapanda kwa mapovu, kama mafuta chini ya maji. Mapovu yanapanda mamia ya kilomita mpaka ionosfia ya juu na yanateremka kufuata mistari ya sumaku mpaka kwetu. Ishara ya GPS ikipita humo inametameta, rova inapoteza hesabu ya mawimbi, fiksi inakatika.

Yanatokea zaidi pale mstari wa machweo ukilala sambamba na mstari wa sumaku, kwa sababu ncha zote mbili za mstari zinaingia gizani kwa pamoja. Afrika Mashariki dira inaelekea karibu kaskazini halisi, kwahiyo hilo linatokea ikwinoksi. Brazili dira imepinda kama digrii 20, ndo maana kwao msimu ni Novemba mpaka Januari. Ukisoma mwongozo wa Brazili usiutumie Kigoma.

Kuyaona, acha besi yako irekodi data kila sekunde kutoka saa kumi na mbili jioni mpaka saa sita usiku, usiku kumi wa Machi na usiku kumi wa Juni. Geuza iwe RINEX, muundo wa kawaida wa data za GPS, ifungue kwa programu ya bure ya RTKLIB, chora nguvu ya ishara ya kila setilaiti. Usiku mzuri mstari unapinda taratibu. Usiku wa mapovu unakuwa kama meno ya msumeno kwa dakika ishirini, unatulia, unaanza tena kwenye setilaiti nyingine, na ukifuata vizuri utaona vurugu inahama kutoka magharibi kwenda mashariki.

Mi sasa hivi Machi, Aprili, Septemba na Oktoba sipangi kazi ya RTK, ile ya besi na rova papo hapo, baada ya saa moja usiku, na kama mteja ana haraka naweka besi ndani ya kilomita tatu na narekodi statiki nichakate nyumbani. Mei mpaka Agosti mapovu yanapungua ingawa hayaishi kabisa, hapo ndo napanga mashamba makubwa.